Sekunde za Namba Kumi na Saba

Barua ya mchujo ilifika Jumatatu asubuhi, mistari mitatu tu kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu. Shule ya Msingi Lugendelo, Darasa la Sita. Waliochaguliwa kwenda Shule ya Kilele: namba 4, namba 9, namba 17. Majina hakuna. Mpango wa Utambuzi haujui jina la mtoto hata mmoja nchini, na wenyewe wanajisifu kwa hilo, eti ndiyo kumlinda mtoto. Majina ninayo mimi, Betisheba Chaula, mwalimu wa darasa, kwenye daftari langu jekundu lenye madoa ya uji. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu, Obadia Mbilinyi, akaniita, akanivutia kiti karibu na moto, akaniambia nimsomee.

"Namba nne, Kristofa Sanga," nikasema.

"Nilijua."

"Tisa, Oliva Mahenge."

"Naye nilijua. Na kumi na saba ni Fausta Tweve. Niambie siyo Fausta nikupe jogoo wangu."

Nikateremsha kidole kwenye orodha. Nikakirudisha juu, nikakiteremsha tena polepole, nikihesabu mistari kama mtoto wa chekechea.

"Ni Ezelina Nkwama," nikasema.

Obadia akacheka. Alipoona sicheki, akaacha. "Ezelina yupi? Yule wa dirishani asiyefungua mdomo?"

"Tuna Ezelina mmoja tu."

"Basi wamechanganya namba huko kwao. Waandikie. Na uwahi, Betisheba, wametupa siku kumi na nne kuthibitisha majina, wakikosa wanampa nafasi mtoto wa shule nyingine."

Si jambo dogo hilo. Shule ya Kilele inachukua watoto watatu kila shule, basi. Wengine wote wanashuka bondeni kwenye Kituo cha Kazi, miaka minne ya kuhudumia mashine za viazi, na ukishaingia huko hakuna mtihani wa kukutoa. Mitihani yenyewe ilishafutwa, kwa kuwa miwani inaona kila kitu. Nikafunga daftari langu, nikavaa miwani, nikaenda darasani.

*

Kwa asiyewahi kuivaa, iko hivi. Ukimtazama mtoto, juu ya kichwa chake linatokea duara: kijani, manjano au kijivu. Rangi inatoka kwenye kifungo kilichoshonwa kifuani mwa sweta yake, na kifungo kinakumbuka kile mtoto alichofanya siku moja tu ya maisha yake, akiwa Darasa la Nne, kwenye chemshabongo ya saa mbili na kompyuta. Kijani maana yake atafika mbali. Kijivu maana yake usijisumbue sana. Halafu sikioni unasikia sauti, sisi tunaiita Mnong'ono, inakuelekeza ufanye nini na mtoto huyo, sasa hivi, kwa swali hili.

Walioitengeneza si wajinga, tusiwasingizie. Walisoma tafiti zilezile tulizosoma sisi chuoni. Mwalimu akiuliza swali, kwa kawaida hasubiri hata sekunde moja kabla hajadakia mwenyewe. Akijizuia, akasubiri tatu au nne, majibu yanarefuka, na watoto wanaanza kuulizana wao kwa wao. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Lakini kipindi ni dakika arobaini, watoto ni hamsini na wawili, na sekunde hazimtoshi kila mtu. Basi Mpango ukazigawa. Kijani, sekunde saba. Manjano, tatu. Kijivu, moja, halafu mpe jibu kwa upole, mpongeze kwa kujaribu, endelea na mwingine.

Ule upole ndio ulionidanganya. Mtu akiniambia nimchape mtoto, nitagoma. Nikiambiwa nimwonee huruma, nafanya bila kuuliza.

Siku hiyo tulikuwa kwenye sehemu. "Kijiji kina mizinga arobaini," nikasema. "Robo tatu ya mizinga imejaa asali. Ambayo haijajaa ni mingapi? Fausta."

Duara la kijani juu ya kichwa cha Fausta likang'aa. *Subiri. Sekunde saba.* Fausta akauma kola ya sweta yake, akatazama dari.

"Thelathini," akasema. Mimi kimya. "Hapana, Mwalimu, hiyo ndiyo iliyojaa. Ambayo haijajaa ni kumi."

"Umekosea, ukajirudi mwenyewe. Hivyo ndivyo wanavyofikiri watu. Ezelina, robo tatu ya ishirini na nne?"

Ezelina akainua uso. Kijivu. *Mpe jibu.* "Ni kumi na nane," nikasema, "umejaribu, vizuri. Haya, mwingine."

Nikamwita mwingine. Huyo akajibu, na mimi sikusikia alichosema, maana ndipo nilipogutuka. Barua imemchagua namba kumi na saba. Mpango haujawahi kumchagua kijivu, hauwezi hata ukitaka. Na daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, linasema kumi na saba ni huyu niliyemnyang'anya swali sasa hivi.

Nikawaambia wote wavue sweta, eti nakagua vifungo. Nikazibeba ofisini, nikachukua mkasi, nikaanza kufumua. Namba huwa imechorwa nyuma ya kifungo, upande wa kitambaa, haionekani mpaka ukikitoa. Sweta ya Fausta, yenye kola iliyotafunwa: kumi na saba. Sweta ya Ezelina, yenye kiwiko kilichotiwa kiraka cha kitenge: ishirini na moja.

Jamani, nikakumbuka. Ni kama niliiona upya ile asubuhi ya miaka miwili nyuma.

Huku kwetu ukungu hauondoki mpaka saa nne, na watoto wanafika wameloa chapachapa. Desturi ya shule yetu ni kuwavua sweta na kuzitundika kwenye kamba juu ya moto wa ofisi ya walimu, wao wanaanza kipindi wamejifunga shuka. Siku vifungo vilipoletwa sweta zilikuwa kambani. Mimi na ujuaji wangu nilikuwa nimezitundika kwa mfuatano wa daftari, mtoto mmoja mmoja alipovua, nikaanza kushona, kwanza, pili, tatu, huku nikiimba wimbo wa kwaya. Zote amezifuma mama mmoja, bluu moja, mikono mirefu ya kukunja ili mtoto aivae miaka mitatu. Katikati ya kazi mbili zikaanguka kwenye majivu. Nikazikung'uta nikazirudisha kambani kwa kukisia. Watoto walikuwa chumba cha pili, hatua kumi. Mtoto anaijua sweta yake hata umfumbe macho. Ningeita tu, "Hii ya nani?" Sikuita. Uji ulikuwa unapoa.

Kwa hiyo kwa miaka miwili Ezelina amevaa kijivu cha Fausta, na Fausta amevaa kijani cha Ezelina. Na kila mmoja amekuwa kile nilichokiona kichwani pake.

Ukitaka kucheka, cheka. Chuoni tuliwahi kuulizwa swali juu ya matarajio ya mwalimu: eleza jinsi imani ya mwalimu kuhusu uwezo wa mwanafunzi inavyoweza kujitimiza yenyewe. Nilijaza kurasa nne. Nilipata alama zote.

Nikavirudisha vifungo kama vilivyokuwa, kila kimoja kwenye sweta ile ile, kwa uzi ule ule, nikaenda kuwagawia. Wengine walikuwa wameshatoka nje wanacheza. Walikuwa na mchezo wao mpya: mmoja anavaa miwani ya waya aliyoikunja mwenyewe, anapita mbele ya wenzake waliojipanga, anawanyooshea kidole. "Wewe kijani, kaa tukusubiri. Wewe kijivu, haya, mwingine!" Watoto hawatakiwi kujua rangi zao. Nani aliwaambia? Mimi, bila shaka, kwa kila kipindi nilichofundisha.

*

Mchana ule nikamwita Ezelina kwenye stoo ya vitabu. Nikavua miwani nikaiweka kwenye kabati. Akasimama mlangoni amejikunyata, akidhani amekosa.

"Kaa, mwanangu. Hujafanya kosa. Nataka tu kukuuliza hesabu, mimi na wewe."

Nikamwandikia kwenye ubao mdogo: shamba lina mistari kumi na mbili ya pareto, kila mstari una miche kumi na tano, theluthi imeungua na baridi, mingapi imebaki? Nikanyamaza. Nikahesabu moyoni. Tano. Nane. Kumi na mbili. Hujui sekunde kumi na mbili ni ndefu kiasi gani mpaka mtoto akutazame hivyo.

"Mwite mwingine, Mwalimu," Ezelina akasema.

"Hakuna mwingine humu."

Akaangalia nyuma yake, kweli akaangalia, kama vile labda yupo. Halafu akainamisha kichwa na siku hiyo hakusema neno tena.

Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Nilijaribu kila ujanja ninaoujua. Nilimpa vibao vya kuandika badala ya kusema. Nilimwambia akosee makusudi, tutafute kosa pamoja. Nilimletea mbegu za maharage azipange mafungu kwa mikono. Nilitoa hata kopo langu la zamani la maziwa lenye vijiti hamsini na viwili, kila kijiti na jina, ambalo nilikuwa nalitumia kabla ya miwani: unachomoa kijiti bila kuangalia, jina litakalotoka ndilo linalojibu, hakuna wa kuonewa wala wa kupendelewa. Akakitafuta cha kwake, akakishika muda mrefu, akakirudisha.

Siku ya tisa mvua ilikuwa inanyesha. Nilimuuliza swali lile lile la pareto, maana nilikuwa nimeishiwa. Nikakaa. Nikaanza kuhesabu kwa mazoea, nikafika ishirini, nikafika thelathini, nikaanza kufikiria viazi vyangu vilivyo nje. Arobaini. Arobaini na moja.

"Mia na ishirini," akasema.

"Umepataje?"

"Kila mistari mitatu, mmoja umeungua. Inabaki minane. Minane mara kumi na tano." Akasita. "Unaweza pia kuhesabu miche yote kwanza, halafu utoe. Na kuna njia nyingine. Nilikuwa naangalia kama zote zinafika mahali pamoja."

Njia tatu. Alikuwa amekaa pale anazijaribu njia tatu, na ndiyo maana inamchukua sekunde arobaini na moja, na ile kompyuta ya Darasa la Nne, ambayo haikuwa na haraka ya uji, iliona.

"Ezelina, na hilo la Jumatatu ile, robo tatu ya ishirini na nne, ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, Mwalimu."

"Sasa mbona hukusema?"

Akaniangalia kwa namna ya kunihurumia, mtoto wa miaka kumi na miwili. "Nikimaliza kufikiri, unakuwa umeshasema."

Nilitoka nje nikasimama chini ya bati, nikalia. Sina aibu kulisema. Nimefundisha miaka ishirini na tisa, na sijawahi kuambiwa neno lililoniingia vile.

*

Nilimweleza Obadia kila kitu. Akanisikiliza akichochea moto, hakunikatiza hata mara moja, na tabia yake si hiyo.

"Sawa," akasema nilipomaliza. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi chukua kalamu. Kwenye daftari lako, kumi na saba andika Fausta, ishirini na moja andika Ezelina. Dakika moja. Rekodi zote za miaka miwili za kumi na saba ni za Fausta, ni jasho lake yule mtoto. Anakwenda Kilele na anastahili."

"Na Ezelina?"

"Ezelina angekwenda bondeni hata hivyo, si amevaa kijivu?"

"Alivikwa! Nilimvika mimi!"

"Usinipigie kelele, mama. Nakuuliza wewe mwenyewe: ukimpeleka Ezelina Kilele kesho, na hiyo arobaini na moja yake, kule wanakimbia, nani atamsubiri? Utakuwa umemnyang'anya Fausta nafasi ukaitupa. Na ukiwaambia wilaya ukweli, unajua sheria yao. Taarifa zikichanganyika zinaitwa chafu. Wanafuta namba zote mbili. Hapo hakuna anayekwenda."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Obadia si mtu mbaya. Alikuwa anahesabu watoto wangapi wataokoka, akapata mmoja, akamshika huyo.

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuwahesabu wengine. Mpango ulikuwa bado majaribio, wilaya sita tu. Januari ungeingia nchi nzima, kila shule, kila sweta, na hoja yao kubwa ilikuwa moja: utabiri wetu unatimia kwa asilimia tisini na saba. Na mimi, kwa uzembe wangu, nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtafiti angeruhusiwa kukifanya kwa makusudi. Niliwabadilishia watoto wawili rangi, na utabiri ukatimia kwa rangi, siyo kwa mtoto. Mwalimu yule yule, darasa lile lile, uji ule ule. Nikinyamaza, Fausta anapona. Nikisema, huenda wakapona watoto ambao sitawaona hata siku moja, na Fausta namtupa kwa mkono wangu.

Nilikaa na kalamu ile siku nne. Nilikuwa naichukua naiweka. Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi kabla muda haujaisha, nikamwomba Obadia aniunganishe na wilaya.

"Utajuta," akasema, lakini akaniunganisha.

Afisa wa Mpango ni binti mmoja, Hosiana Ngimbudzi. Sura yake ikatokea kwenye kioo, nadhifu, ana kikombe cha chai.

"Shikamoo, Mwalimu Chaula."

"Marahaba, mwanangu. Nina kosa la kuungama, na lina faida kwenu."

Nikamweleza. Nilikuwa nimefumua vifungo tena, nikavinyanyua mbele ya kioo, namba zake zikaonekana. Akaweka kikombe chini. Nilimwona usoni kabisa kwamba ameelewa, tena ameelewa upesi kuliko Obadia, upesi kuliko mimi.

"Unasema wa kijivu amepanda kwa sababu ulimsubiri," akasema.

"Na wa kijani ameshuka kwa sababu sikumsubiri. Hakuna sababu nyingine."

"Mwalimu, tuna watoto elfu tisini kwenye majaribio. Karibu wote wamefuata utabiri."

"Si lazima wafuate? Tunawafuatisha wenyewe, kila kipindi, sekunde moja moja! Nitafutie mwingine aliyebadilishiwa kifungo uone."

"Hakuna mwingine."

"Basi hawa wawili ndio pekee mliowapima kweli."

Akatazama pembeni, labda mlangoni, labda kwa mkubwa wake. "Nitaipeleka juu kama ulivyoieleza," akasema. "Neno kwa neno. Naahidi, mama." Na naamini aliipeleka.

Jibu likaja Jumatano. *Namba 17 na namba 21: hitilafu ya mtumiaji. Taarifa zimefutwa. Wanafunzi wasio na taarifa wapangiwe Kituo cha Kazi. Nafasi iliyo wazi imehamishiwa shule nyingine. Usahihi wa utabiri baada ya kusafisha taarifa zote zenye shaka katika wilaya sita: asilimia tisini na nane. Ili kuzuia makosa kama haya, kuanzia Januari vifungo vitashonwa kiwandani.*

Nilisoma mara mbili. Ilikuwa imepanda. Ushahidi wangu wote, kazi yake ilikuwa kuwaongezea asilimia moja.

Obadia hakunigombeza. Alitia kuni motoni, akapangusa mikono kwenye suruali. "Mmoja angekwenda, Betisheba," akasema. Hakulitaja tena mpaka leo.

*

Nilitaka Fausta alisikie kwangu, asije kulisikia uani. Nikamwita stoo, kiti kile kile alichokalia mwenzake. Nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba hatakwenda Kilele, kwamba kosa si lake hata kidogo. Nilimweleza habari ya vifungo, maana niliona ana haki ya kujua. Nilidhani namtendea haki.

Alisikiliza ameshika kola yake. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mimi ndiye kijivu?"

"Hakuna kijivu, Fausta. Hakuna kitu kama hicho. Ulichofanya umekifanya wewe. Yale majibu yote ni yako."

"Lakini ile rangi ilikuwa ya Ezelina."

"Rangi ilikuwa ya kifungo!"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, kwa adabu, kama mtoto anavyomkubalia mtu mzima ili aruhusiwe kuondoka.

Ezelina naye nilimwambia. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikamwacha, nimeshajifunza. Mwishowe akauliza, "Fausta atakuja bondeni na sisi?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Sikujua anawaza nini.

Alhamisi niliingia darasani bila miwani. Ni kosa la kuandikiwa onyo, na onyo lilishakuja, liko kwenye kioo cha Obadia. Niliweka kopo la maziwa mezani. Watoto wakaanza kunong'onezana, wengine walishalisahau. Nikalitikisa vijiti vikalia.

"Leo kila mtu ni sawa," nikasema. "Nikichomoa jina, tunamsubiri mwenye jina. Wote. Hakuna kumdakia."

Nikauliza swali jepesi, nilichagua jepesi makusudi ili tuanze vizuri. Kijiji kina mizinga arobaini, robo imejaa, mingapi haijajaa? Nikafumba macho, nikachomoa.

"Fausta Tweve."

Akasimama. Swali hilo angelijibu amelala. Karibu wiki tatu zilizopita alijibu gumu zaidi ya hilo mbele ya darasa lile lile, akakosea, akajirudi. Nikatabasamu nimsubiri.

Tano. Kumi. Kuna mtoto alicheka, nikamkata jicho akanyamaza. Fausta hakutazama dari. Alikuwa ameinamia kifua chake, pale kifungo kilipokuwa, uzi mmoja umebaki unaning'inia, na kidole chake kinaufukunyua. Kumi na tano. Midomo ilikuwa inatikisika kidogo, na mimi namwomba Mungu, sema tu, mtoto wangu, sema hata uongo. Ishirini.

Akainua macho. Hayakuwa na hasira, ningependelea hasira.

"Mwite mwingine, Mwalimu," akasema.

Ulimi wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa umeshalishika lile neno. Miaka miwili ya mazoea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo na mkono umeshaingia kwenye kopo.

"Msubiri, Mwalimu."

Sauti ilitoka dirishani. Darasa zima likageuka, maana wengi wao hawakuwa wanaijua sauti hiyo ni ya nani. Ezelina alikuwa amesimama, hajaitwa, amejishika kwenye dawati kwa mikono miwili.

"Msubiri," akasema tena. "Anafikiri."

Nikatoa mkono kwenye kopo. Fausta alikuwa bado amesimama, ameushika ule uzi, na nje kengele ya uji ilianza kulia. Hakuna aliyeondoka. Nikaanza kuhesabu upya, kutoka moja.